Mteja alisaini fomu akiwa kwenye arosto (mateso ya mwili yanayokuja mtu akikosa unga), sasa hataki video yake irushwe. Ridhaa ile inahesabika?

Kaunsela_wa_Mbagala (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo hasa nyie mliopo kwenye soba hausi, kliniki za methadoni (dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini) na ustawi wa jamii kwa ujumla, maana hili jambo limenikaa kichwani na ofisini sina wa kumuuliza.

Mi ni kaunsela kwenye nyumba moja ya upataji nafuu hapa Dar, naomba nisiitaje. Wateja wetu wengi ni vijana wa unga (heroini), wachache wa pombe. Mtu akiletwa na ndugu zake anajaziwa fomu ya kuingia, na karatasi ya mwisho ina kipengele kinasema mteja anakubali picha na video zake zitumike kutangaza huduma za kituo. Wote wanasaini. Sasa hebu fikirieni mtu anavyofika, wengine wanaletwa usiku na kaka zao kwenye bajaji, kavuta mara ya mwisho jana yake, makamasi yanatoka, tumbo linakata, mwili wote unamuuma na anatetemeka, anaambiwa saini hapa na hapa na hapa ndo uonyeshwe kitanda. Atakataa vipi?

Kuna kijana mmoja alirekodiwa wiki ile ya kwanza amejikunja kwenye godoro anatapika. Leo ana miezi kadhaa yuko klini (hatumii tena), mwili umerudi, asubuhi anasaidia kuongoza sesheni. Uongozi umeunganisha ile video ya mwanzo na ya sasa, kabla na baada, wanataka kuirusha TikTok na kuwatumia wafadhili. Kijana akanifuata akaniambia dada mi sitaki, mwanangu anaanza darasa la kwanza mwakani na mi nataka nirudi kwenye ufundi wangu wa madirisha ya aluminiamu, nani atanifungulia nyumba yake nipime dirisha akiwa ameniona nipo vile. Nimepeleka kwa uongozi nikajibiwa ameshasaini, na kwamba mimi kazi yangu ni ushauri nasaha, mambo ya fomu niwaachie wao.

Na jambo la pili linamhusu huyo huyo. Mama yake ndo anayelipa, anapiga simu anataka nimwambie mwanae anaongea nini tukikaa wawili, na wiki hii kaniuliza moja kwa moja majibu ya kipimo cha VVU. Ananiambia pesa natoa mimi kwahiyo nina haki. Namwelewa kabisa yule mama, ameteseka sana. Lakini mdomo umekuwa mzito.

Je ile saini inahesabika? Na mama namjibuje?

---

Mwenge_Shuka

Mkuu ameshasaini, hapo hakuna kesi. Mi nasaidia kuendesha kituo mkoani kwahiyo naongea ninachokijua. Hizi nyumba nyingi hazina ruzuku, kodi ya nyumba, unga wa ugali, maharage, dawa, mishahara ya walinzi, vyote vinatoka kwenye ada za ndugu ambao nusu yao hawamalizi kulipa. Mfadhili akija cha kwanza anauliza mmebadilisha nani. Bila kumwonyesha mtu aliyebadilika unamwonyesha nini? Na video moja ikirushwa wazazi wanapiga simu siku hiyo hiyo, wengine walishakata tamaa kabisa wakajua kumbe inawezekana. Hao wanaookolewa kwa sababu ya ile video nao ni watu. Nakuomba uangalie na upande huo kabla hujagombana na uongozi wako.

---

Sista_Dirishani

Mwenge_Shuka nakuheshimu na najua hizo shida za kodi ni za kweli kabisa, lakini kwa hili sikubaliani na wewe na nitaeleza kwa urefu kidogo mnivumilie.

Mi ni muuguzi, nimefanya kazi ya methadoni muda mrefu. Kwa wasiojua, Muhimbili ndo ilianza kutoa methadoni Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, Temeke na kwingine, na dawa ni bure, mteja anakuja kila siku anakunywa mbele yetu. Kwahiyo wale watu tunawaona kila siku ya Mungu kuliko hata ndugu zao wanavyowaona, na ukikaa nao namna hiyo unajifunza arosto inamfanya nini mtu.

Arosto ya heroini inaanza masaa machache tu baada ya dozi ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndo inakuwa kali kuliko zote, halafu inapungua taratibu ndani ya kama wiki, ingawa usingizi na wasiwasi vinaweza kuendelea muda mrefu. Mtu akiwa kwenye ile hali kichwani kuna kitu kimoja tu, maumivu yaishe. Ukimwambia saini hapa upate kitanda atasaini, ukimwambia saini umetupa shamba la baba yako atasaini pia. Ridhaa inataka mtu awe ameelewa, awe na uwezo wa kupima mambo, na awe huru kusema hapana bila kupoteza huduma. Pale kwenye bajaji usiku vyote vitatu havipo. Unapata wapi ridhaa hapo?

Halafu hata tukisema ile saini ilikuwa halali siku ile, bado yupo leo anasema hataki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, zinataka ridhaa ya maandishi, na mwenye taarifa anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote bila kutoa sababu. Video ya mtu anatapika kwa arosto ni taarifa ya afya, hilo halina mjadala. Kwahiyo uongozi wako ukisema ameshasaini, wewe waambie na ameshaondoa, tena mwandikishe kijana karatasi leo hii, aandike kwa mkono wake, tarehe, asaini, nakala moja ibaki kwake. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo na inapokea malalamiko, ila sidhani kama mtafika huko kama mtaongea vizuri.

Kuna jingine ambalo sisi wa kliniki linatusumbua sana kwenye hizo video za kabla na baada. Zinamwambia mzazi kuwa mtu akikaa miezi minne amepona, basi. Sio hivyo. Mtu aliyekaa bila unga mwili wake unasahau ile dozi aliyokuwa ameizoea, akirudi akavuta au akajidunga kiasi kile kile cha zamani anaweza akafa palepale kwa sababu pumzi inazimika. Wiki za kwanza baada ya kutoka soba au gerezani ndo za hatari. Sasa kijana umemrusha mtandaoni kama shujaa aliyepona, akiteleza atamwambia nani? Atajificha, na anayetumia akiwa peke yake chumbani hana wa kumwahi. Nimewahi kuletewa waliowahiwa na nimesikia habari za wasiowahiwa.

Kuhusu mama, Sheria ya Ukimwi ya 2008 iko wazi, majibu ni ya aliyepimwa. Kijana wako ni mtu mzima. Hata angekuwa analipa bibi yake na ukoo mzima, majibu anayatoa mwenyewe. Mwambie mama kwa upole, "mama nakuelewa, vipimo vyote vya mwanao anavyo yeye mwenyewe, nitamhimiza aongee na wewe". Usimwambie hana wala anayo wala "usijali", maana hata ukisema usijali umeshatoa jibu na siku utakayonyamaza kwa mteja mwingine itajulikana kwanini umenyamaza.

---

Baba_Wawili

Naomba na mimi mzazi niseme kidogo maana mnaongea kuhusu sisi.

Mwanangu ameuza TV, ameuza mitungi ya gesi miwili, ameuza hadi mabati tuliyokuwa tumeyaweka kwa ajili ya jiko la nje. Mama yake alikuwa analala na pochi kwenye foronya. Tumempeleka soba mara ya kwanza akatoroka, mara ya pili akakaa akarudi nyumbani akaanza upya. Sasa hivi yuko ndani mara ya tatu. Nalipa kila mwezi na kuna mwezi nimekopa. Nikipiga simu naambiwa "anaendelea vizuri baba". Kila siku anaendelea vizuri. Na ile mara ya pili niliambiwa hivyo hivyo. Nyie watoa huduma mnaposema siri mjue kuna mtu upande wa pili anakaa gizani, na mtoto akirudi anarudi kwangu harudi kwenu.

Sitaki kujua anasema nini juu yangu. Nataka kujua kama nikimrudisha nyumbani nijiandae vipi.

---

Sista_Dirishani

Baba_Wawili pole sana mzee wangu, na hicho ulichoomba mwisho ni haki yako kabisa na hakigusi siri ya mtu. Kituo kinatakiwa kikukalishe na familia yako kabla hajatoka, kikwambie dalili za kuteleza ni zipi, ukimkuta hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi, kope ukizifunua kiini cha jicho kimekuwa kama ncha ya sindano ufanye nini, umlaze ubavu, umkimbize hospitali, kuna dawa inaitwa naloksoni inarudisha pumzi. Kwamba anahudhuria sesheni au hahudhurii, hayo mnakubaliana mapema mwanao akiwepo. Ukiambiwa tu anaendelea vizuri hiyo ni huduma mbovu, wala usikubali ikaitwa siri.

---

Pwani_Recovery

Assalam alaykum. Mimi niko Mombasa, ni kaunsela wa uraibu na pia mimi mwenyewe niko rikavari, yaani nilitumia nikaacha, alhamdulillah. Huku kwetu vituo vinasajiliwa na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na makaunsela tuna sheria yetu ya Counsellors and Psychologists ya 2014, lakini hayo masuala ya video tunayo vilevile, tena sana.

Nawaambia kitu, mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa Kenya alipiga faini shule moja ya Uthiru zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi ikapigwa milioni moja na laki nane na zaidi kwa kuposti mteja wake mtandaoni bila ya kumuuliza. Hao ni watu walikuwa tu klabu wanastarehe. Je mtu anayetapika kwenye godoro? Baada ya zile faini bosi wetu mwenyewe aliitisha mkutano akasema simu zote za stafu zibaki ofisini, hakuna kupiga picha wodini wala masjala. Kwa hivyo dada mwambie bosi wako hata kama hajali kijana, basi aijali mifuko yake.

Lakini kuna jambo zito zaidi ambalo wengi hamligusi. Sisi tuliopitia unga ndio wafanyakazi wa vituo vingi, pwani yote hii kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ni jambo jema, mtu anamwamini aliyepita njia ile. Sasa tatizo lake ni kuwa mpaka unapotea. Leo nimekaa na mtu mkutano wa NA (Narcotics Anonymous, kikundi cha walioacha dawa kusaidiana), pale sote ni sawa, kesho yeye ni mteja wangu na mimi ndiye naandika ripoti yake. Yale aliyoyasema mkutanoni nikiyaandika kwenye faili nimemuuza. Nimeona mtu akikopwa pesa na stafu, na mteja hawezi kusema la kwa sababu stafu huyo ndiye anayeamua wikendi hii atoke au asitoke. Nimeona na mapenzi, mwanamume stafu na dada ambaye hajamaliza hata mwezi mmoja, watu wanasema ni watu wazima wamependana. Si mapenzi yale. Mmoja ana funguo za mlango na mwenziwe hana.

Kwa hivyo kwenu pia angalieni huyo kijana anayeongoza sesheni za asubuhi, je analipwa? Ama ndiyo kazi ya bure kwa jina la kujitolea, halafu akikataa video anaambiwa hana shukrani?

---

Kaunsela_wa_Mbagala (mtoa mada)

@Pwani_Recovery halipwi. Na hilo neno la shukrani ameambiwa, sikuliandika pale juu lakini ameambiwa mbele ya wenzake kwenye kikao cha jioni.

@Baba_Wawili asante sana baba, umenifungua macho kuhusu mama. Nilikuwa nafikiria namna ya kumzuia kumbe na yeye kuna kitu anakihitaji ambacho hatumpi.

---

Tanga_Raha_88

Mi sio stafu, mi ni yule wa kwenye video. Sio ya huko kwenu, kituo kingine, miaka ya nyuma.

Walinipiga picha siku ya pili, nimekonda, nimenyolewa kipara (nyumba ile ukiingia unanyolewa, ukivunja sheria unanyolewa tena). Ikawekwa Facebook na jina langu la kwanza na mtaa niliotoka. Nilipotoka nikapata kazi ya stoo kwa mfanyabiashara mmoja, kazi nzuri, nikaaminiwa na funguo. Siku moja mtu akamtumia bosi ile picha. Bosi hakunifukuza, akanichukua pembeni akaniambia funguo atashika mwenzangu. Hakunitukana wala nini. Lakini nilivyotoka pale nilijua kila nikipishana na mtu stoo ananiangalia mikono. Nilikaa wiki mbili nikaacha kazi.

Nilishawaandikia waitoe, wakasema imeshapata laiki nyingi na inasaidia watu. Bado ipo.

Mimi nimeamua mwenyewe kuongea kwenye mashule siku hizi, natoa jina langu, naonyesha uso. Tofauti ni kwamba naamua nianzie wapi niishie wapi, na kuna shule nyingine siendi kwa sababu mdogo wangu anasoma pale. Ile ya godoro sikuamua chochote.

Mwenge_Shuka nakuomba kaka, hao wanaopiga simu wakiona video, wangepiga pia wakimsikia mtu mzima aliyevaa nguo zake anasimulia kwa hiari yake.

---

Mwenge_Shuka

Tanga_Raha nimekusoma, pole sana. Kituoni kwetu kuna picha za namna hiyo kwenye ukurasa wetu, kesho nakaa na wenzangu tuziangalie moja moja na wahusika wanaopatikana tuwapigie. Hilo la kumwacha mtu asimulie mwenyewe akiwa na muda wake klini naliona linafaa hata kwa mfadhili.

Swali langu, na hawa ambao ndugu wanatuletea kwa nguvu tunafanyaje? Maana ukimwambia ana hiari ataondoka usiku ule ule.

---

Sista_Dirishani

Mwenge_Shuka hilo ni gumu na sitaki kukudanganya kuwa lina jibu jepesi. Ila kumfunga mtu mnyororo, kumfungia chumba, kumnyima chakula au kumchapa ili abaki, hiyo haina utetezi popote. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kulazimisha watu vifungwe, na miongozo ya WHO na UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu) inasema wazi kuwa matibabu ya uraibu yawe ya hiari kama matibabu mengine. Mtu akiwa hatarini kwa maisha yake hilo ni suala la hospitali na daktari, sio la mlinzi wa geti.

Na tena kwa wale wa pombe naomba mnisikilize kwa makini kabisa. Mlevi wa kila siku mkimkatisha ghafla mkamfungia ndani bila daktari anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, anaweza kuchanganyikiwa, anaweza kufa. Unga unatesa sana lakini pombe ndo inaua kwenye kuacha. Kituo kisicho na daktari wa kumwita hakitakiwi kumpokea yule mtu siku ile, apitie hospitali kwanza, hata kama ndugu wameshatoa pesa ya mwezi mzima.

Wanaokimbia usiku wa kwanza wengi wanakimbia maumivu. Wakipelekwa kwenye kliniki ya methadoni wapate dozi, wengi wanakaa wenyewe. Kuna vituo vinamwambia mteja methadoni ni unga wa serikali ili asiende akawaachia kitanda kitupu. Kumficha mgonjwa matibabu yaliyopo, tena ya bure, kwa sababu ya ada, kwangu mimi ni kosa kubwa kuliko hata hiyo video.

---

Kaunsela_wa_Mbagala (mtoa mada)

Narudi na mrejesho wakuu. Kijana ameandika barua yake kwa mkono kama Sista alivyosema, nimeipeleka nikiwa nimeambatana naye. Uongozi haukufurahi. Mwishowe wamekubali yake isirushwe, ila ilishatumwa kwa mfadhili mmoja na wamesema wataandika kumwomba aifute, nimewaomba nakala ya hiyo barua pepe sijapewa bado. Video za wengine saba bado zipo mtandaoni na watatu kati yao walishatoka hatujui walipo.

Mama nimekaa naye kijana akiwepo. Kijana mwenyewe alimwambia mambo mengi mazito na mengine hakusema, mama hakuuliza tena vipimo.

Sasa wamenipa kazi niandike fomu mpya. Naombeni msaada, iandikweje?

---

Pwani_Recovery

Hongera dada. Kwanza itoe kabisa kwenye fomu ya kuingia, iwe karatasi ya peke yake na isiletwe kabla mtu hajamaliza arosto na kukaa angalau wiki kadhaa akiwa na akili zake. Juu kabisa iandikwe kwamba ukikataa hupunguziwi chochote. Iseme picha itatumika wapi, TikTok ni mbali na ripoti ya mfadhili, achague moja moja, uso au bila uso, jina au bila jina. Aambiwe kwa mdomo kwamba kikishapanda mtandaoni watu wanadaunlodi na huwezi kukirudisha chote. Mwisho iwepo sehemu ya kuondoa ridhaa na namba ya kupiga, na aliyemsainisha asiwe yule anayeamua ruhusa zake za kutoka. Picha za mtu akiwa kwenye arosto zisipigwe kabisa, hata kwa ridhaa.

Na wale watatu mliowapoteza, zitoeni zao leo. Hawapo wa kuwauliza.

Niandikie inbox nikutumie ya kwetu, ni ya Kiswahili tayari, ila sehemu ya sheria badilisha uweke ya kwenu. Na huko Bara kama kituo kikigoma kabisa, Mamlaka ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ina namba ya bure 119, kina mama wa huko wananiambia inapokelewa.